Mizizi ya Bibi, Kupe wa Champlin na Uso wa Zai

Tangu nirudi Lushoto, wateja wangu wameshikwa na ugonjwa mmoja, nao ni wa kuuliza. Mtu anakuja kibandani kwangu kununua iliki kidogo, anasimama nusu saa. "Mwanaidi, hebu tuambie, ulimpa nini Zai?" Wengine wamekwisha kujijibu wenyewe kwamba nimewashinda madaktari wa Marekani kwa mizizi ya bibi yangu. Juzi katokea bwana kutoka Mombo, anataka dawa hiyohiyo kwa ng'ombe wake. Basi nimekaa chini niandike mara moja, kama ilivyokuwa, aibu zangu zikiwemo, nanyi mpeane msome, ili niuze iliki zangu kwa amani. Viza nilikuwa nayo tangu mwaka juzi safari ilipoahirishwa, kwa hiyo habari za makaratasi naziruka. Hazijawahi kumfurahisha mtu.

Lushoto: kamera mbovu

Zainabu, tunayemwita Zai, ni kitinda mimba wetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa shamba. Alikwenda Minnesota kusoma, akapata kazi katika kampuni ya bima, akaolewa na Bakari wa Muheza, wakahamia Champlin, kitongoji kilicho kando ya mto Misisipi, kaskazini ya jiji la Minneapolis. Kila Ijumaa alikuwa akimpigia Mama simu ya picha. Mwezi wa saba picha ikakatika, ikabaki sauti.

"Kamera imeharibika, Mama."

Wiki ya kwanza Mama aliamini. Wiki ya nne akasema, "Watu waliofika mwezini wanashindwa kutengeneza kamera?"

Bakari alininong'oneza kwenye simu kwamba Zai aliumwa na kupe, akapata maradhi yanayoitwa Lyme, anatibiwa. "Mengine, shemeji, utayaona mwenyewe." Mimi niliposikia kupe, nisiwafiche, nilifurahi. Bibi yetu mzaa mama alikuwa akitibu homa ya papasi, na papasi ni ndugu wa kupe, wale wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kuuma watu usingizini. Mizizi yake naijua, na mlima inakoota naujua. Nikampigia Zai nikamwambia nakuja na dawa ya Bibi. Nikachimba asubuhi mbili. Nikafunga mizizi, magome, majani na mbegu, nikaongeza mdalasini, karafuu na tangawizi ya unga, begi likawa na harufu ya harusi na msiba kwa pamoja.

Mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Kumbe yeye hakuwa akiwaza kupe hata kidogo. "Zai alipokuja mwezi wa tano," alisema, "nilimwambia mbele ya watu kwamba anasonga ugali kama mgeni. Tangu hapo kaninyima uso wake. Nenda kamtazame, uniambie kama mwanangu kanikasirikia. Lakini hayo ya ugali usimwambie."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Amsterdam: saa tisa kwenye kiti kimoja

Ndege ya kwanza haikuwa na kisa, ila kwamba nilipewa chakula ndani ya kisahani chenye kifuniko, nikakila, kisha nikalamba kitu kitamu kilichokuwa pembeni, kumbe ni siagi. Amsterdam tukaambiwa ndege ya pili ina hitilafu, tungoje. Saa mbili zikawa nne, nne zikawa tisa.

Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kongo mwenye kitenge cha njano, anatoka Ubelgiji kwenye harusi ya mwanawe. Alijiita Maman Espérance. Alifungua mfuko akatoa chikwangue, yaani mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, na samaki mkavu. Mimi nikatoa visheti. Tukala kama tumezaliwa nyumba moja.

"Weye dada, unaenda wapi?"

"Minneapolis. Kumtazama mdogo wangu."

"Ah! Mie naishi Saint Paul, ng'ambo ya mto tu. Inafika miaka saba sasa." Akanusa begi langu. "Na hii harufu yote ni ya nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu. "Ile dawa yote umebeba mu valise? Batakutosha yote ku douane." Yaani forodhani wataninyang'anya.

"Nimeifunga ndani ya khanga. Hawataiona."

"Dada, usifiche. Ukificha ni problème kubwa. Weye sema yote, hata ile haujaulizwa."

Nilimwitikia kwa adabu, moyoni nikasema huyu ni mwoga. Ndege ilipoitwa tulikuwa tumekwisha kujuana mpaka majina ya marehemu wetu.

Uwanja wa ndege: mbwa mwenye adabu

Pale mabegi yanapotoka, alikuja kambwa kadogo kenye masikio marefu, kamevaa koti. Kakanusa begi langu, kakakaa chini. Mimi na mbwa mnajua hatupatani, udhu wangu ni wa shida. Nikavuta nguo, nikasogea. Kakanifuata, kakakaa tena, kananitazama usoni kwa heshima. Nikasogea mara ya tatu mpaka nikagusana na ukuta. Maman Espérance akaniita kwa mbali, "Dada, usikimbie, imekuona!"

Nikapelekwa kwenye meza ya chuma. Bwana wa forodha, mtu mnene wa sauti ya upole, alifungua khanga yangu akaanza kupanga mizizi kama anapanga meza ya wageni. Akauliza ni ya nini. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, nikamjibu kwa kifupi kwamba ni kupe, ya dada. Bwana akarudi nyuma hatua mbili, akavaa glavu nyingine juu ya zile alizovaa, akamwita mwenziwe. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba nimebeba kupe, ninampelekea dada yangu. Maman Espérance ndiye aliyeruhusiwa kuja kunitetea, na hapo nikakumbuka nilivyomwita mwoga.

Walichukua mizizi, kwa sababu ina udongo. Wakachukua mbegu, magome na majani. Wakaniachia mdalasini, karafuu na tangawizi. Bwana yule aliniomba radhi kweli, lakini nililia pale mezani mbele ya mbwa na watu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kumpelekea mdogo wangu dawa, sasa namfikia na viungo vya pilau.

Champlin: upande mmoja wa meza

Bakari alinipokea peke yake. Njiani alisifu sana barabara, nikajua kuna kitu hataki kukisema. Zai alifungua mlango amevuta mtandio mpaka puani. Alinikumbatia muda mrefu, kisha akageuka upesi kwenda jikoni. Kwenye pilau alikaa ubavuni kwangu, hakukaa mbele yangu, na kila nilipogeuka naye aligeuka. Nililala nimekasirika. Nikasema Mama ana haki, mtoto huyu ana kinyongo.

Asubuhi nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi yangu iliyookoka. Zai akainywa huku ameshika kitambaa mdomoni.

"Zai. Nitazame."

"Dada, kunywa chai."

"Nimekubeba mgongoni, ukanikojolea miaka miwili. Nitazame."

Akageuka, akaachia mtandio. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeteremka. Jicho lilibaki wazi lilipopaswa kupepesa, na mdomo ulivutika wote kwenda kulia, chai ikimtoka pembeni. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu, nikashindwa.

"Unaona?" akasema. "Kama Shangazi Mwanahawa."

Ninyi wa rika langu mnamkumbuka. Uso wake ulipokwenda upande, mji mzima ulisema kapigwa kofi na jini, na mpaka anakufa hakuna aliyekula cha mkono wake katika shughuli. Zai alikuwa na miaka saba wakati ule. "Mama akiniona hivi, atasema ni jini," alisema. "Na majirani watamwuliza nimemfanya nini huyo jini. Nitamwonyesha uso ukirudi sawa. Usiporudi, basi."

Neno hilo "basi" lilinichoma. Kwa hiyo kamera ingeharibika maisha yote.

Akanisimulia. Mwezi wa sita, siku chache baada ya kutoka kwetu, alikata nyasi ndefu nyuma ya nyumba, mahali wanapopita kulungu kwenda mtoni. Kupe wa huko ni mdogo kama mbegu ya ufuta. Nyuma ya goti palitokea doa. Kwenye picha za matangazo doa hilo ni duara jekundu linalong'aa, lakini picha hizo ni za watu weupe. Kwenye ngozi yetu lilikuwa kivuli tu, naye akalipaka dawa ya fangasi. Kisha ikaja homa, na viungo vikauma.

"Nikajua ni malaria," alisema. "Nimetoka nyumbani juzi, ningejua nini kingine?"

Na Mtanzania gani anarudi ughaibuni bila dawa ya mseto kwenye mkoba? Akameza. Homa ikatulia yenyewe siku chache, akajisifu kwa Bakari kwamba ameokoa safari ya hospitali. Wiki nne baadaye akaamka, akajitazama kwenye kioo, akapiga kelele. Bakari alidhani ni kiharusi. Hospitali wakampima damu, wakamwambia kupe mmoja aweza kubeba maradhi mawili matatu, mojawapo likiwa kama binamu wa malaria. Yeye walimkuta na Lyme tu. Wakampa vidonge vya wiki tatu.

Hapo ndipo nilipaswa kumwuliza swali moja. Sikuuliza. Nilimwambia, "Nimekuja. Tutakuponya," nikaenda kutafuta dawa mbadala.

Cedar-Riverside: ndizi na wali

Zai alikuwa haendeshi gari kwa sababu ya lile jicho, kwa hiyo alitupeleka rafiki yake wa kazini, Mkenya aitwaye Wambui, mchangamfu kuliko redio. "Aki Mama, pole na safari! Si ukae hapa mbele, na u-fasten seat belt, hawa watu wanapenda ku-stop mtu."

Cedar-Riverside, mtaa wa jiji la Minneapolis, kuna maghorofa marefu yenye vipande vya rangi, treni inapita katikati, na chini yake wamejaa Wasomali wanaobishana juu ya vikombe vya chai. Nilijisikia nimefika Tanga. Tuliingia kula. Nikaletewa wali, nyama ya mbuzi na ndizi mbivu moja juu yake. Nikaiweka ndizi pembeni nije kuila baadaye, kama mtu aliyelelewa. Mhudumu akapita, akaniletea nyingine, akidhani ya kwanza ina kasoro. Nikaiweka pembeni nayo. Alipoleta ya tatu Wambui alikuwa amelala juu ya meza kwa kucheka. "Mama, hapa ndizi inakulwa na wali! Itafune tu!" Nikatafuna. Si mbaya, lakini msinione nikifanya hivyo hapa kwetu.

Dukani nikapata unga wa muarobaini, habasoda na ubani. Nilinunua vyote. Wambui naye akatoa ushauri.

"Hii Lyme nime-isoma sana. Kuna mmea unaitwa knotweed. Watu wana-spray kwa backyard ndio ikufe, na wengine wanai-drink kama dawa. Kuna mama Mzungu huko Woodbury, ni expert wa hizi miti shamba. Zile matone Zai ana-drink, nilimnunulia kwake. Si twende kesho?"

Nikasema twende. Nilitaka kumwona huyo mwenzangu, na nikiri, nilitaka kumshinda.

Woodbury: nyumba mapacha

Woodbury iko mashariki, nyumba zake mpya, na aliyezijenga alikuwa na ramani moja tu. Tulibisha hodi nyumba isiyo ya mganga. Akatoka mzee mrefu mwenye kofia ya jua, tukamwambia tunatafuta dawa za mimea, naye akatuelekeza dakika ishirini, kisha akasema ngojeni. Akarudi na maboga manne marefu ya kijani kutoka bustanini kwake, akatutia mikononi. Zai alinieleza kwamba mwezi wa nane watu wa Minnesota hugawa maboga hayo kwa yeyote asiye na mbio.

Mganga mwenyewe aliitwa Marlys, mwanamke wa rika langu, nywele nyeupe za kusuka, peku ndani ya nyumba yake. Alipofungua mlango wa chumba cha dawa, harufu ilinipiga, na ilikuwa harufu ya kibanda changu. Mitungi ya vioo kutoka sakafuni mpaka dari. Alinipa mmojammoja kunusa, Zai akitafsiri. Tangawizi nikaitambua, manjano nikaitambua, pakanga chungu nikaitambua kwa kukunja uso. Naye kila nilipomweleza tunavyoitumia aliandika kwenye daftari. Nikafungua matone aliyokuwa akinywa Zai, nikanusa, nikaruka.

"Zai, hii ni pombe!"

Zai alishika kichwa. Mwezi mzima alikuwa akisema bismillahi na kuinywa. Marlys akaomba radhi, akasema mizizi hulowekwa hivyo, na kwamba angeuliza kama angejua ni kwa ajili ya Mwislamu. Kisha akamgeukia Zai na kumwuliza kitu kwa upole. Zai akainamisha kichwa, akamimina mkoba wake juu ya meza.

Sijapata kuona. Palikuwa na matone ya Wambui. Unga wa majani machungu wa jirani Mkongo. Asali ya mke wa imamu. Vidonge vya kitunguu saumu vya bosi wake. Chai ya Mchina, mafuta ya mtu wa kwaya ya kanisa la jirani, kitu cheusi ambacho mwenyewe hakikumbuki. Na muarobaini wangu, uliofika jana. Alikuwa akinywa vyote.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Dada, mtu amekuja na dawa mpaka mlangoni, nimwambie nini? Jumapili anapiga simu, 'Umekunywa?' Nimdanganye?"

Chini kabisa kulikuwa na chupa ya hospitali. Marlys aliitikisa, ikalia. Ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.

"Na hivi?" nikauliza.

Zai akasema kwa sauti ndogo, "Tumbo lilinishinda, ikabidi niache kimojawapo. Vidonge haviji kunitembelea kuuliza. Halafu ukasema unakuja na dawa ya Bibi."

Aliviacha siku ya tisa. Bakari alidhani amemaliza. Na goti, akasema sasa, limeanza kuvimba.

Marlys alisukuma vitu vyote pembeni. Akasema leo hauzi kitu. Akasema tuandike orodha ya kila kilichopo mezani, tumpelekee daktari kesho asubuhi, na vidonge viwe mbele ya majani yote, yake yakiwemo. Mimi nikanuna. Nani huyu anayetufukuza na kiu yetu? Akanitazama, akaniuliza kupitia kwa Zai, "Kwenu, mgonjwa akija, swali lako la kwanza ni lipi?"

Nilikuwa nalijua. Bibi yangu kabla hajafungua fundo la dawa aliuliza, "Umekwisha kunywa nini?" Hakuanza pengine. Nami nilikuwa na mdogo wangu siku tatu, nikapika chai, nikanunua unga, nikasifu mizizi iliyobaki uwanja wa ndege, na swali hilo sikuliuliza. Sikuliuliza kwa sababu niliogopa jibu. Niliogopa kuambiwa kwamba sihitajiki. Niliona haya mbele ya mwanamke yule kuliko nilivyopata kuona haya maishani.

Kliniki: orodha ya vitu tisa

Daktari alikuwa binti mdogo wa Kihmong, watu waliotoka milima ya Asia ambao Saint Paul wamejaa. Alisoma orodha yetu bila kucheka, akatuambia bibi yake ana bustani ya dawa na kila mjukuu hunyweshwa kwa nguvu. Nikampenda hapohapo.

Alikata baadhi kwa kalamu, baadhi akaweka alama ya kuuliza. Tangawizi akaiacha, itatuliza tumbo. Nilimwuliza, kupitia kwa Zai, kama mimea inamwua mdudu huyu kweli. Akasema ipo iliyojaribiwa ndani ya maabara na ikaonyesha nguvu. "Lakini kwenye chupa ya maabara hakuna ini wala tumbo. Mwili wa mtu si chupa. Bado hatujui."

Nikamweleza habari za bibi yangu na homa ya papasi. Binti akaweka kalamu chini, macho yakamng'aa. Akasema mdudu wa homa ya papasi na huyu wa Lyme ni ukoo mmoja. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikamtazama Zai, unasikia? Kisha akaongeza kwamba siku hizi homa ya papasi nayo hutibiwa kwa vidonge vya jamii hiihii. Kwa hiyo angeumwa na papasi ndani ya nyumba yetu, zahanati ya hapa Lushoto ingempa alichopewa Marekani. Nilivuka bahari kujifunza hilo.

Goti alilipima, moyo akausikiliza kwa mashine, akasema tumewahi. Vidonge vikaanza upya, kwa sharti kwamba havinywewi pamoja na maziwa. Zai akanitazama, mimi nikatazama dirisha. Katika zile siku tisa alivinywa kila asubuhi kwa chai ya maziwa, kama watu wote wa kwetu wanavyomeza kila kidonge.

Champlin tena: mlinzi wa mlango

Ilibaki shida ya wageni. Wagonjwa wa kwetu hawaachwi peke yao, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu. Dada mkubwa akiwepo, dawa hukabidhiwa yeye, na hakuna wa kumwuliza mgonjwa. Nikaketi sebuleni kama bwana wa forodha. "Karibuni. Ahsante sana. Nimepokea, nitampa kwa zamu yake." Walifurahi, wakala maandazi, wakaondoka. Kabati la juu likajaa. Mtu akipiga simu Jumapili napokea mimi, "Ipo kwenye zamu, mama." Zamu yenyewe haijafika mpaka leo.

Asubuhi nilimpa kidonge na maji glasi nzima, chai ya rangi ikafuata. Nilimkataza jua, kwa kuwa vidonge vile na jua havipatani. Usiku nilimfunga lile jicho kwa utepe laini. Tulitembea kando ya mto, yeye kofia kubwa, mimi khanga, na kila tukirudi tulivuana viatu na kukaguana kupe kama nyani. Tulicheka sana wiki zile. Maboga ya yule mzee tuliyala siku sita, kwa nazi, kwa karanga, na mwisho kwa hasira.

Wiki ya tatu goti likawa limelala. Wiki ya tano, katikati ya chai, nikaona ameweka kitambaa mezani na hakitumii. Jicho la kushoto likapepesa, likachelewa kidogo, lakini likafika. Tulipiga vigelegele mpaka Bakari akaja mbio kutoka bafuni na povu kichwani.

Ugomvi ukaanza hapo wa nani kamponya. Wambui akasema ni matone, hata kama yalikuwa pombe. Mke wa imamu akasema asali. Bakari akasema dua. Daktari alisema ni vidonge, na kwamba nyuso nyingi za namna ile hurudi zenyewe zikipewa muda. Mimi nimeacha kubishana. Nawaambia tu nilichokiona, kwamba alianza kupona alipoacha kunywa ili kuwafurahisha watu.

Lakini simu ya picha kwa Mama aliikataa. Kicheko chake kilikuwa bado kinaanzia kulia, kushoto kikifuata. "Mpaka kiwe sawa," alisema. Siku ya kuondoka, mbele ya mlango wa ukaguzi, nilivunja agizo la Mama.

"Mama hajui habari za jini wala kupe. Anadhani umemkasirikia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ugali."

Zai alibaki ameshika mkono wangu. "Ugali?" akasema. "Ugali gani?" Alikuwa hata hakumbuki. Nikamweleza. Akafunika mdomo, machozi yakamtoka macho yote mawili, na mimi nikaitwa kwenye mstari.

Lushoto: Ijumaa

Nilifika Alhamisi. Mama aliniuliza jambo moja tu. "Umemwona?" Nikasema nimemwona, na mengine ni ya kusema mwenyewe. Hakuniandalia chakula.

Ijumaa baada ya swala simu ikalia, na ilikuwa ya picha. Zai ndiye aliyepiga. Nikamshikia Mama simu. Zai alikuwa amekaa karibu na dirisha, bila mtandio usoni, mwanga wote umempiga.

"Mama, shikamoo."

Mama aliipokea simu mkononi mwangu. Aliisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua yake. "Geuka huku," akasema. Zai akageuka. "Na huku." Akageuka. "Cheka." Zai akajaribu kucheka, upande wa kulia ukaenda, wa kushoto ukajivuta nyuma yake.

"Niliugua, Mama. Kupe aliniuma, uso ukaanguka. Nilikuficha. Niliogopa utasema ni jini, kama Shangazi Mwanahawa."

"Hukunikasirikia?"

"Sikukukasirikia, Mama. Hata siku moja."

Mama aliketi kwenye mkeka, akaweka simu mapajani, na machozi yakawa yanadondokea kioo, akiyafuta kwa kidole gumba juu ya shavu la Zai, lile la kushoto.

"Huo uso nimeuzaa mimi, Zainabu," alisema. "Ukae sawa, ukae upande, ni wangu. Nani kakupa ruhusa ya kunificha kitu changu?"